Robo Saa Jukwaani Jinja

Namatala,
Mbale, Uganda.
Jumanne, 30 Septemba 1997.

Mpendwa Dada Ramula,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Mombasa, wewe, shemeji na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba ngazi za nyumba mpya zinakutesa. Usione haya kumwambia shemeji atafute chumba cha chini. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Latif kikohozi kimemwachia na amerudi kiwandani kupakia mchele. Watoto wanasoma. Mimi mwenyewe nimenenepa, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Barua yako niliipata wiki iliyopita kwa mkono wa yule dereva wa lori. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Eti umesikia Swabrah, aliyekuwa akijificha nyuma ya gauni la mama siku ya maulidi pale Kimaka, amepanda jukwaani Jinja na kuzungumza mbele ya watu mia nne! Ukauliza kama ni Swabrah huyu au mwingine wa jina hilo. Ni huyu, dada. Kaa vizuri nikueleze, maana waliokusimulia wametia chumvi pasipotakiwa na nyama wameiacha.

Unajua kazi yangu hapa Namatala ni ukunga. Nilifundishwa miezi mitatu, nikapewa cheti na mkoba. Lakini mkoba si hospitali. Mimba ikikaa vibaya, mimi kazi yangu ni kusema, "Huyu apelekwe," na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna gari linaloingia kwetu. Mwezi wa pili mwaka huu tulimbeba Khainza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwenye toroli la kubebea matofali. Hakufika. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu kalamu ilikuwa nzito.

Mwezi wa tano shirika moja la misaada liitwalo Mama Salama likatangaza kwamba litajenga wodi tatu za wazazi huku mashariki. Tatu tu, na mitaa na vijiji vilivyoomba vilikuwa kumi na moja. Wakasema kila mahali palete msemaji mmoja Jinja, Jumamosi ya tarehe 23 Agosti, apewe robo saa mbele ya kamati na wananchi. Baada ya hapo kamati itachagua.

Sisi tulikutana chini ya paa la kanisa. Wengi walidhani ataenda Afande Lawrence, yule askari wa magereza aliyestaafu, katibu wa mtaa wetu. Ana suti, ana miwani, anajua kuandika. Lakini akina mama wakakataa. Racheal, yule binti wa Kigisu anayeuza nyanya, akasimama na mtoto mgongoni. "Naende mama Swabrah," akasema kwa Kiswahili chake, yaani niende mimi. "Yeye ndiye nashika miguu yetu. Afande nashika kalamu."

Watu wakacheka. Afande Lawrence hakucheka. Aliniita pembeni, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini pale Jinja utafungua mdomo kwa Kiswahili chako cha kambini, na watu watakupa mgongo. Wewe unajua watu wanavyokumbuka."

Najua, dada. Wewe unajua zaidi. Uliondoka mwaka ule wa sabini na tisa na furushi moja na watoto wawili, kwa sababu tu sisi ni watoto wa wanajeshi wa serikali iliyopinduliwa na lugha ya mdomoni mwetu ilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamwambia Latif sitaenda. Latif akaendelea kula. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Basi mwambie Racheal mwenyewe." Nikashindwa.

Afande Lawrence, kwa wema wake, akaniandikia hotuba. Kurasa tano, kwa mwandiko mzuri kama wa cheti. Nikaziweka kwenye mkoba wa ukunga, nikapanda basi kwenda Jinja siku nne kabla ya mkutano, nikafikia kwa kaka yetu Faruk.

Unamkumbuka Faruk alivyokuwa na sauti? Sasa anakula kwa sauti hiyo. Ananadi mitumba, au mivumba kama tunavyosema huku, pale sokoni. Jioni nilimketisha pamoja na mke wake Nabirye nikawasomea kurasa zote tano. Nilipoinua macho, Nabirye alikuwa anachambua mchele na Faruk anatazama kuku.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Akakuna kichwa. "Umesema... miundombinu."

Nabirye akacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nikalia. Faruk aliponiona nalia kweli akaninyang'anya zile karatasi. "Kesho unakuja kazini na mimi," akasema.

Kesho yake akanipandisha juu ya sanduku la mbao katikati ya soko, akanipa koti zito la sufu lenye kola nyekundu, koti ambalo lilikuwa limemkalia tangu Pasaka. "Uza," akasema, akaenda zake kunywa chai upande wa pili, mahali ninapoweza kumwona. Dada, niliita, "Makoti! Makoti mazuri!" mpaka koo likakauka. Watu walinipita kama kwamba mimi ni nguzo. Nilitamani ardhi inifiche.

Faruk akarudi na kikombe mkononi. "Unaita soko," akasema. "Soko halina masikio. Mtu ndiye ana masikio. Tafuta mmoja."

Nikatazama, nikaona mzee mmoja mwenye kofia ya ulinzi na rungu, anaonekana hajalala. "Afande mlinzi," nikamwita, "usiku wa jana ulijifunika nini?"

Akasimama. "Gunia," akasema.

"Na mvua ilivyopiga?"

"Gunia likawa zito kuliko mimi."

Waliokuwa karibu wakacheka, na waliokuwa mbali wakasogea kujua wanachekea nini. Nikashuka kwenye sanduku, nikamvalisha lile koti, nikamfunga vifungo kama ninavyomfunga mtoto wangu. Sikusema neno jingine. Aliondoka nalo, na watu wanane wakabaki wakiniuliza kama kuna lingine.

Siku mbili zile nilijifunza mengi kuliko miezi mitatu ya cheti. Faruk aliniambia nisianze kusema mpaka watu wametulia, hata kama moyo unanikimbiza. Akaniambia nisiombe radhi kwa kusimama, maana wameniita wenyewe. Na jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa jukwaani: "Ukishasema neno zito, funga mdomo. Wewe unaogopa kimya, kwa hiyo unalifukia neno lako kwa maneno mengine." Nikamuuliza kuhusu lugha. Luganda ninakijua cha sokoni, Kinubi chetu hakuna ambaye angekielewa. "Sema kwa lugha unayolia nayo," akasema. "Mkalimani atapanga mengine."

Jumamosi ikafika. Akina mama thelathini wa Namatala walikuja na lori la kiwanda cha mchele, wameimba njia nzima, na Afande Lawrence amekaa mbele na suti yake. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mimi nilikuwa wa tisa, baada ya chakula, wakati tumbo la ugali wa posho na maharage linavuta macho yafumbe. Niliwasikiliza wote walionitangulia, na nakuambia nilijifunza hata pale. Mmoja alisoma karatasi yake bila kuinua kichwa hata mara moja. Niliona utosi wake tu, na nikitakiwa leo nimtambue nitamtambua kwa utosi. Mwingine alipiga kelele kama yuko uwanja wa mpira, kipaza sauti kikalia naye. Kijana mmoja alikuwa na mizaha mizuri mno, ukumbi ulicheka mpaka machozi, lakini aliposhuka mwanamke aliyekaa jirani yangu akaniuliza, "Huyu ametoka wapi?" Hakuna aliyekumbuka.

Wakaita Namatala. Nikapanda jukwaani. Mkalimani aliitwa Jude, kijana nadhifu, kazi yake ni kugeuza maneno yangu kuwa Luganda. Nikasimama. Nikangoja. Watu wakaendelea kunong'ona, nikazidi kungoja, mpaka wakaanza kutazamana wakidhani nimesahau. Kimya kikaja. Nikasema, "Hamjambo."

Neno hilo moja tu, dada. Kule nyuma mwanamume mmoja akasimama, akasema kwa Luganda, kwa sauti ya kusikika, kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi, aende akaisemee kambini. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nilimwona Afande Lawrence akiinamisha kichwa.

Halafu nikakumbuka nitafute mmoja. Nikamtafuta yeye.

"Ndugu yangu uliye kule nyuma," nikasema, "nimekusikia, na sikulaumu. Wewe Kiswahili ulikisikia kwa mtu mwenye bunduki. Mimi nilikisikia kwa mama yangu, akinibembeleza nilale. Ni lugha ile ile. Nipe robo saa nikuonyeshe upande wake ule mwingine. Ikiisha robo saa, ukitaka kukichukia tena, kichukie."

Jude akafasiri. Yule mtu akakaa chini.

Nikaanza kumsimulia, yeye, kana kwamba tuko wawili. Nilimweleza habari ya Racheal mwezi wa nne, mto umefurika, uchungu umeanza alfajiri na saa sita mtoto bado. Nikamweleza tulivyompandisha kwenye toroli, vibarua wanne wakisukuma, na mimi nikikimbia pembeni nimeshika mkono wake. Gurudumu likazama kwenye tope nusu ya njia, kando ya barabara kuu. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi.

"Akajifungulia pale barabarani," nikasema. "Kwenye tope. Akina mama wanne wakashika magunia kumfunika, na magari yakipita yanaturushia maji."

Jude akafasiri, na nikamsikia akisema kwamba mama huyo alipata matatizo kidogo safarini.

Nikakatisha hadithi. "Bwana Jude," nikamwambia, mbele ya ukumbi mzima, "mimi nasikia Luganda. Sikusema matatizo. Nimesema alijifungulia barabarani, kwenye tope. Tafadhali, mpe kila mtu tope lake."

Ukumbi uliangua kicheko, na Jude mwenyewe akacheka, akapangusa uso kwa leso. Kisha akafasiri upya, na safari hii alifasiri sawasawa, neno kwa neno, na kicheko kikafa chenyewe. Kuanzia hapo dada tulikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mimi naleta sentensi fupi, yeye anaipokea ikiwa bado ya moto. Nikasema mtoto alitoka wa rangi ya bluu, Jude akasema. Nikasema nilimsugua, nikampulizia, nikamwita kwa majina ya watu wote ninaowajua, Jude akasema. Nikasema, "Akalia." Jude alipolisema hilo, mtoto wa Racheal, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake mstari wa tatu, akakohoa tu, na watu wote wakageuka. Wakajua ndiye. Racheal akasimama bila kuambiwa, akamgeuza wamwone. Vigelegele!

Nikangoja viishe. Nikasema, "Miezi miwili kabla yake, tulipita njia ile ile, na toroli lile lile, na Khainza."

Nikasema, "Hakufika."

Nikafunga mdomo. Dada, hicho kimya ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, hata kuzaa. Nilitaka kuongeza kitu, chochote. Sikuongeza. Jude akalisema lile neno kwa Luganda, bila kuongeza la kwake. Nikaona mama mmoja wa kamati anavua miwani yake.

Baada ya hapo sikuwa na mengi. Nikawaambia hatukuja kuonewa huruma. Kiwanja tunacho, matofali tunachoma wenyewe, mchanga tutabeba kichwani, tunachokosa ni paa, vitanda na muuguzi. Nikawaambia kuna wanawake kumi na tisa Namatala ambao matumbo yao nayajua kwa mkono wangu, na wote watajifungua kabla ya Krismasi. "Hao hawakuweza kuja leo," nikasema. "Wamenituma nirudi na jibu." Nikashuka. Nilikuwa nimetumia dakika kumi na moja.

Sikusikia makofi mwanzoni, nilidhani ni mvua. Kisha nikaona watu wamesimama. Faruk alikuwa mlangoni na kipande cha muwa, anatafuna na kulia kwa pamoja.

Wa mwisho walipomaliza kamati ikaingia chumba cha pembeni. Muda wa alasiri ulikuwa umefika, nikatoka nje na Faruk tukatandika mkeka nyuma ya ukumbi. Tuko rakaa ya mwisho, nikasikia vigelegele. Sauti za kwetu, za Namatala, huwezi kuzikosea. Nikasikia na miguu inakuja mbio, na Racheal anaita, "Mama! Mama! Ya kwanza! Nasoma sisi ya kwanza!" Wodi tumeipata, jina letu limesomwa la kwanza, na mimi niko kwenye mkeka; fikiria hali hiyo, dada. Siwezi kukatisha swala. Nikasujudu na machozi yanalowesha mkeka, nao wanaruka-ruka wametuzunguka, wananingoja nitoe salamu. Nilipogeuza uso kushoto tu, nilinyanyuliwa juu kama gunia la mchele.

Afande Lawrence alisogea wengine walipochoka kunikumbatia. Akasimama wima, akanipigia saluti ya magereza, ya kweli, na visigino. "Mama," akasema, "niliandika kurasa tano, na Racheal hakuwamo hata kwenye moja."

Na yule mtu wa nyuma? Alinifuata kwenye lori. Ni fundi baiskeli wa Iganga, anaitwa Magidu. Akanipa mkono, akaniambia kwa Kiswahili kibovu kama lile toroli letu: "Mama, mimi nasikia wewe. Asante ya maneno." Basi. Akaenda zake. Nimeshapigiwa makofi na watu mia nne, lakini mkono ule mmoja ndio nilioupeleka nyumbani.

Jumatano, 1 Oktoba.

Samahani, dada, jana nilikatishwa. Niliitwa kwa binti mmoja wa Namakwekwe, nikarudi mchana huu. Mtoto wa kike, kilo tatu, ana mapafu kama ya kaka yetu Faruk. Salama kabisa.

Ujenzi umeanza tangu wiki mbili zilizopita. Kuta zimefika kifuani pangu. Akina mama wanabeba mchanga asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na Afande Lawrence ndiye anayesimamia, na filimbi, kama anasimamia wafungwa wake wa zamani. Wanamnung'unikia na kumpikia chai. Sasa ndio umejua kwa nini nimenenepa. Kila nyumba ninayopita wananiwekea sahani, siwezi kukataa.

Tangu siku ile nimeitwa kuzungumza mahali pawili, shuleni na kwa akina mama wa Kikristo. Watu wananiuliza siri ni nini. Mimi siijui siri. Najua tu kwamba siku nilipobeba maneno ya mtu mwingine hata kaka yangu alitazama kuku, na siku nilipobeba yangu watu wasionipenda walikaa wakanisikiliza. Na najua woga hauondoki. Hata pale shuleni, mbele ya watoto, niliogopa. Nilipomwambia Faruk, alisema hata yeye kila asubuhi kabla ya kupanda sanduku lake huogopa. Miaka kumi na minne! Sikuwahi kumjua.

Kabla ya kuondoka Jinja nilipita Kimaka. Nyumba yetu ya zamani wamepaka rangi ya kijani, wanakaa humo watu wema, walinikaribisha maji. Kaburi la mama nimelisafisha na nikamsomea Fatiha kwa niaba yetu sote.

Wodi itafunguliwa mwezi wa kwanza, inshallah. Kamati imenitaka nihutubie siku hiyo. Nimekubali kwa sharti moja, na wameliandika kwenye kitabu cha mkutano, Afande Lawrence kwa mwandiko wake ule mzuri: kwamba mstari wa mbele patakuwa na kiti cha Ramula Bakhit, aliyetoka Mombasa. Nitazungumza kwa Kiswahili. Njoo, dada. Miaka kumi na minane inatosha. Hapa sasa mtu anaweza kukuamkia kwa lugha yetu sokoni, na wewe ukaitika bila kutazama nyuma.

Msalimie sana shemeji, na wanao mmoja mmoja kwa jina lake. Latif anakusalimu, Faruk na Nabirye wanakusalimu, Racheal naye amesema nisisahau kuweka salamu zake, ingawa hamjaonana. Mungu alitie nguvu goti lako likufikishe kwetu, na aibariki safari yako kuja na kurudi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekuwekea kiti,

Swabrah Bakhit